Baiskeli ya Baba, Jembe la Shangazi

Oktoba mosi iliyopita, Siku ya Wazee, mikongojo ililetwa kwenye kata yetu hapa Bariadi ikiwa imefungwa mafungu mafungu, yote ya urefu mmoja. Ilikuwa ya mbao, imepakwa vanishi ikang'aa, na waliojitolea walikuwa na nia njema. Wazee waliitwa majina, wakapokea, wakapigwa picha. Nilibaki nikiwatazama wakiondoka. Mzee mmoja mrefu alikuwa ameinamisha mgongo mzima ili kuufuata mkongojo wake. Bibi mmoja mfupi alikuwa amepandisha bega hadi karibu na sikio. Mwingine aliubana wake kwapani akaenda zake, akichechemea vilevile alivyokuja.

Kwenye hotuba tulikumbushwa kwamba Umoja wa Mataifa uliitenga siku hii mwaka 1990, kwamba nchi yetu ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na kwamba mzee asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bure. Ni mambo makubwa, na ni vizuri yasemwe. Urefu wa fimbo ni jambo dogo, hauna wa kuuhutubia. Lakini Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wengi wao ni watu waliovuka miaka 60. Huku kwetu vifo hivyo havitajwi hivyo. Tunasema mzee aliteleza uani, akalala kitandani, hakuinuka tena.

Nikamkumbuka baba na miaka ile aliyokuwa akikataa mkongojo.

Baba alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika. Alianza kazi enzi za VFCU, ule muungano mkubwa wa vyama vya pamba vya Kanda ya Ziwa. Akaona ushirika ukivunjwa mwaka 1976, akaona ukirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na katika mabadiliko yote hayo yeye alibaki amesimama kwenye mizani msimu mzima, kuanzia robota la kwanza hadi la mwisho. Goti la kulia lilikuwa la kwanza kumlalamikia. Hakusema kitu. Tulichogundua sisi watoto ni kwamba ameacha kupanda baiskeli yake aina ya Phoenix, ila kila aendako anakwenda nayo. Anaikokota hadi kanisani, anaikokota hadi dukani, anaikokota msibani. Ukimwuliza, atakwambia tairi halina upepo. Tairi lilikuwa na upepo. Alikuwa ameegemea usukani, na baiskeli ilikuwa ikimbeba bila mtu kujua.

Tangu hapo nimekuwa nikiwachunguza wazee wa Simiyu, na kila nikipita njia ya Maswa au ya Lamadi naona baiskeli zinazokokotwa na watu ambao hawatazipanda tena. Wengine hutumia mwavuli wakati wa kiangazi. Wengine hutembea na mjukuu, mkono begani mwake, wakijifanya wanamfundisha njia.

Mgeni anaweza kushangaa, kwa sababu Usukumani fimbo haina aibu yoyote. Mtoto wa kiume huishika kabla hajavaa viatu, na mchungaji huilaza mabegani akaning'iniza mikono yote miwili juu yake. Viongozi nao walikuwa nazo: Mwalimu na kifimbo chake kilichozungushiwa hadithi nyingi, Moi na rungu lake kule Kenya, Kenyatta na usinga. Ila tazama picha zao. Hakuna aliyeegemea. Fimbo unayoibeba wewe inasema una nguvu, na ile inayokubeba inatangaza kwamba zimekwisha, hata kama zote mbili zimekatwa kwenye mti mmoja. Baba aliijua tofauti hiyo vizuri kuliko sisi tuliokuwa tukimwambia, "Baba, si uchukue tu fimbo?"

Kaka yangu wa Dar es Salaam alikuja likizo na zawadi kutoka kwa wachongaji wa Mwenge. Ilikuwa bakora ya mpingo, nyeusi, imechongwa kichwa cha simba kwenye kishikio, na watu wakipandana mwilini mwake kwa mtindo wa Kimakonde. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akaisifia kwa dhati, akaitundika ukutani karibu na kalenda. Kaka aliumia moyoni. Mimi niliishusha siku moja nikajaribu kutembea nayo, nikaelewa. Mpingo ni mti mzito hata ukitupwa majini unazama. Fimbo ya mpingo ya sentimita 90, yenye unene wa sentimita 3, inakaribia robo tatu ya kilo; ya mninga mkavu ya kipimo hichohicho ni karibu nusu ya hapo. Uzito huo mzee anauinua kwa kila hatua. Halafu meno ya simba yanaingia kiganjani. Uzuri ulikuwa umewekwa palepale mkono unapohitaji kupumzika.

(Na ule angalau ulikuwa mpingo wa kweli. Kuna mbao nyepesi zinazopakwa dawa ya viatu zikauzwa kwa jina hilo. Mkono ukitoka jasho, kiganja chote kinakuwa cheusi. Kwangua kidogo kwa ukucha sehemu isiyoonekana kabla hujatoa pesa.)

Aliyefanikiwa kumshawishi baba alikuwa kijana wa mazoezi ya viungo katika hospitali moja ya Mwanza, tulikompeleka goti likapigwe picha. Hakumwambia baba kuwa amezeeka. Alimwuliza, "Babu, kwako unatembea na viatu gani?" Baba akaonyesha katambuga zake, zile za matairi. Kijana akamsimamisha nazo wima, mikono ikining'inia yenyewe pembeni, akaweka alama kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale saa inapofungwa. "Juu ya fimbo paishie hapa. Ukiishika, kiwiko kikunjike kidogo tu." Ikizidi, bega linapanda na mkono hauna nguvu ya kusukuma. Ikipungua, mtu anainama kuifuata na mgongo unalipa. Kumbe kipimo chote ni uzi mmoja wa kushonea na dakika moja ya mzee mwenyewe kusimama. Ndiyo maana nasema mkongojo haununuliwi mwenyewe akiwa hayupo.

Jambo la pili lilizua ubishi. Goti bovu lilikuwa la kulia, na kijana akataka fimbo ishikwe kushoto. Baba alikuwa ameshika fimbo kwa mkono wa kulia tangu akichunga ndama. "Sasa mguu unaumwa huku, dawa unaipeleka kule?" Kijana akamtembeza bila fimbo, akamwonyesha kwamba binadamu akitembea, mkono wa kushoto huenda mbele pamoja na mguu wa kulia. Fimbo ikiwa kushoto inakanyaga wakati uleule goti bovu linapokanyaga, uzito unagawanyika, na kiwiliwili hakiangukii upande wa maumivu. Ikiwa kulia, mzigo wote unarundikwa upande mmoja. Baba akajaribu, akarudi, akajaribu tena. "Ahaa," akasema, "mgonjwa anasaidiwa na jirani." Akafundishwa na kizingiti: kupanda, mguu mzima unatangulia; kushuka, fimbo na mguu mbovu vinatangulia.

Nyumbani kukawa na faida ambayo hata yule kijana hakuitaja. Mkono wa kulia wa baba ulikuwa huru kusalimia. Huku kwetu huwezi kumpa mtu mkono wa kushoto, na mzee ambaye kila akisalimiwa anapaswa kutafuta mahali pa kuegesha fimbo ataanza kuiacha ndani. Kwa mwenye mguu mbovu wa kushoto, ambaye fimbo itakaa kulia, weka kitanzi cha ngozi cha kupitisha kwenye kifundo, kipana cha kuingia na kutoka bila kunasa.

Tulikuwa na kipimo; bado fimbo. Mafundi seremala wa mjini wana kazi zao, vitanda na milango ya mninga na mkurungu, na mkongojo kwao ni kitu cha kumalizia mabaki. Mmoja alichukua kipande cha ubao, akakikereza kwenye mashine hadi kikawa laini, akakipinda kishikio kwa msumeno kufuata mstari aliouchora. Kilikuwa kizuri kutazama. Tukiwa tunarudi nacho tulipita gulioni, kwa mzee mmoja anayeuza mipini ya majembe na mashoka. Akaniomba akione. Akakigeuza kwenye mwanga, akaniuliza kama nimekwisha kulipa. Nikasema ndiyo. Akakishika mwili kwa mkono mmoja na kishikio kwa mwingine, akakiminya taratibu, kikakatika kwenye pindo kwa sauti ndogo.

Nilikasirika. Baba hakukasirika hata kidogo. Alisogea akainama kutazama mkatiko. Yule mzee akamwonyesha: nyuzi za mti zilikuwa zikienda moja kwa moja, lakini pindo lilikuwa limezikata, kwa hiyo mahali panapobeba uzito wote palikuwa na nyuzi fupi zilizoshikana kwa bahati. "Mti haupindwi kwa msumeno, Namhala," alimwambia baba, akimwita mzee kwa Kisukuma. "Unautafuta uliokwisha kupinda wenyewe." Mpini wa jembe ukivunjika mkulima anapoteza asubuhi yake. Huu ukivunjika je?

Toka hapo sikuhitajika tena. Wazee wawili walikuwa wamepata kazi.

Walikubaliana juu ya mkole, mti mgumu usio mzito, unaonesa bila kukatika, unaotumika kwa mipini na fimbo tangu zamani. Walikwenda kuutafuta kwenye ngitili ya ukoo mmoja wenye uhusiano na mzee wa mipini. Hapa naomba nichepuke kidogo, maana si ajabu ndogo kupata mkole Simiyu. Eneo letu, lililokuwa sehemu ya Shinyanga hadi mkoa wetu ulipozaliwa mwaka 2012, lilifyekwa vibaya. Wakati wa mkoloni watu walikusanywa kufyeka vichaka ili kufukuza mbung'o. Kisha likaja jembe la pamba, na mifugo ikamaliza kilichobaki. Babu yangu alikuwa miongoni mwa waliofyeka. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na jambo la busara walilofanya lilikuwa kurudi kwenye desturi ya Wasukuma wenyewe ya ngitili: unafunga eneo wakati wa masika, majani na miti vinakua, unafungua kiangazi kwa ajili ya ndama na ng'ombe wachovu. Ngitili zilizokuwa zimebaki takriban hekta 600 kwenye kumbukumbu zilirudi hadi kupita hekta 300,000. Fimbo ya baba ilitoka kwenye kivuli hicho. Walikata tawi moja kwa ruhusa ya wenyewe, lile lililotoka kwenye shina kwa pembe nzuri, wakachukua na kipande cha shina ili kiwe kishikio. Nyuzi zikapita kutoka kiganjani hadi chini bila kukatwa popote.

Halafu tukasubiri, na hapo ndipo vijana tunaposhindwa. Tawi halikumenywa gamba, ili likauke polepole. Ncha zake mbili zilipakwa samli zisipasuke, likapachikwa juu ya moshi wa jiko la mke wa mzee wa mipini. Moshi hukausha, na fukusi hawaupendi. Fimbo iliyochongwa mbichi itapinda baada ya kulipiwa, na iliyokwisha kuingiliwa na fukusi utaijua kwa unga mwembamba unaodondoka ukiigonga kwenye karatasi. Kishikio kilichongwa baba akiwa amekaa hapohapo akikijaribu kila baada ya muda, kwa sababu vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimekakamaa na kishikio chembamba kilikuwa kinamchosha. Kikaachwa kinene kuliko ambavyo ningekichagua dukani. Vanishi hawakutaka; baba alidai inateleza kwa jasho. Alipaka mafuta ya pamba, kidogo kidogo, akifuta kila mara kwa kitambaa. Sina hakika kama hayo yalitokana na ufundi au ni mapenzi yake tu kwa pamba. Fimbo ilishika rangi ya asali na haikunata.

Kitako kilichukua mjadala wake. Mjini kuna vigae na sakafu za saruji, na fimbo tupu kwenye kigae chenye maji ni hatari kuliko kutokuwa na fimbo. Kijijini kuna udongo wa mbuga. Wakati wa masika mbuga inameza: kitako chembamba kinazama, mzee anavuta, anapoteza mizani. Kiangazi ule udongo unapasuka mianya inayoweza kumeza fimbo hadi robo yake. Mikongojo ya dukani ina kipira kidogo kilichobuniwa kwa ajili ya kumbi za hospitali. Fundi wa katambuga alikata kofia ya tairi pana karibu kama kikombe, akaivalisha na kuipigilia misumari midogo pembeni, si chini, kwa sababu msumari ukichomoza chini unakuwa kiatu cha kutelezea. Ilikuwa mbaya kuitazama. Haikuwahi kuzama, na ilipolika alibadilishiwa kwa bei ya soda.

Mwaka 2018, Nane Nane ya kitaifa ilipofanyika Nyakabindi, baba alizunguka viwanja vile vyenye vumbi na umati akiwa na fimbo yake, na baiskeli ameiacha nyumbani. Alisimama mbele ya banda la mashine za kuchambua pamba akaeleza watu wasiomwuliza namna mizani ilivyokuwa ikiibiwa zamani. Watu wakamsogezea kiti. Niliona kwamba hakuona haya kuiegemea, na nadhani najua sababu: kila aliyemwuliza kuhusu fimbo ile alisimuliwa habari za ngitili, za tawi, za moshi, za yule fundi wa msumeno. Alikuwa na kitu cha kueleza. Ile bakora ya mpingo ilikuwa na hadithi ya mchongaji na ya kaka. Hii ilikuwa yake.

Kwa haki, sina ugomvi na mikongojo ya alumini. Ni myepesi, na ina matundu ya kurekebisha urefu, jambo ambalo lilitugusa baadaye baba alipoanza kupungua kimo na fimbo ikaanza kumpandisha bega. Yetu ilibidi ikatwe chini, kidogo sana kila mara, maana mbao ikikatwa hairudi. Na kwa aliyepata kiharusi, ule wa miguu minne unamfaa kuliko fimbo yoyote ya mti, hata ikichongwa na fundi bora wa Usukuma. Ninachopinga ni kumkabidhi mtu bila kumpima, na bila kumwuliza.

Kumwuliza, hasa. Hilo alinifundisha shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa akiishi upande wa Itilima. Nyonga yake ilikuwa mbovu kuliko goti la baba, na tuliamini kwamba akiona fimbo ya mdogo wake naye atataka. Alikataa katakata. Nilidhani ni ukaidi hadi siku aliponieleza tukiwa wawili tu. Kwa mwanamume, alisema, fimbo ni uzee. Kwa mwanamke mzee wa huku, aliyefiwa na mume, mwenye macho mekundu kwa sababu amepikia kuni na samadi maisha yake yote, ni kitu kingine. Mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi yamewatesa Wasukuma kwa miongo mingi, na kila mwanamke wa umri wake alikuwa na jina la mtu aliyemjua. Hakutaka kuonekana jioni akipita njiani ameinama juu ya mkongojo. "Wataanza kunihesabu," alisema.

Alichokuwa akitembea nacho ni jembe. Mwanamke mwenye jembe hana swali la kujibu, anatoka shambani au anakwenda. Nilikwenda kumweleza yule mzee wa mipini, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alitaka kujua shangazi ni mrefu kiasi gani na anavaa nini miguuni. Alitafuta jembe lililokwisha kulika hadi likabaki kama kiganja cha mtoto, akalifuta makali kwa tupa, akalikaza kwenye mpini mpya wa mkole wenye kichwa cha mviringo kinachojaa mkononi, akaukata mpini mahali uzi wangu ulipoishia. Chini, kofia ya tairi.

Shangazi alilitumia hadi mwisho. Lawama yake ilikuwa moja tu, na aliirudia kila nilipomtembelea: kwamba kila akipita kwenye mashamba ya watu wakati wa palizi wanamwita aingie awasaidie, na wengine wanamnunia akikataa.